Kofia ya vito na duara la kijivu

Alikuja na kofia mkononi. Si ya kuvaa, ya kushona. Kitambaa cheupe kilichochorwa maua kwa penseli, robo yake imeshatobolewa vito, yaani vitundu vidogo, na kuzungushiwa uzi, sindano imechomekwa pembeni. Aliiweka mezani kwangu kabla hata hajakaa, akaigeuza upande wa dirisha.

"Mwanangu, tizama hapa. Hiki kitundu n'nachoshona nakiona. Vya kando yake vyanipotea. Nikihamisha mato navipata, kisha vyengine vyapotea."

Bi wa Mji wa Kale, buibui jeusi, mkoba wa kitambaa na ndani yake mfuko wa dawa. Katika chumba hiki nimesikia malalamiko mengi: ukungu, machozi, nzi weusi wanaopita mbele ya macho. Lakini mtu kunieleza kwamba kitovu cha kuona kwake ni kizima na pembezoni mwake pametoboka, tena akanionyesha kwa kofia, ilikuwa mara ya kwanza. Nikamuuliza dawa anazotumia. Alipotoa pakiti ya tatu nilijua ni picha gani nitakayoihitaji.

Kwa wanaosoma hapa mara ya kwanza: napiga picha za ndani ya macho katika kliniki moja ya Ganjoni, hapa Mombasa, mwaka wa tisa sasa. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga picha wa harusi, upande wa wanawake, maana kwenye kupamba haingii mwanamume na kamera. Nimebeba flashi na miavuli ya mwanga kwenye kumbi za Tudor na Kizingo hadi saa nane za usiku. Kazi ile ilinizoesha kujiuliza kila mara mwanga huu umetoka wapi, na huku ndiyo swali ninaloliuliza kutwa.

Picha ya kawaida ya retina haiko mbali sana na ya bi harusi. Unapeleka mwanga mweupe kupitia mboni, unagonga ukuta wa nyuma wa jicho, unarudi, kamera inaudaka. Unapata ile picha ya rangi ya chungwa ambayo daktari humwonyesha mgonjwa. Picha ya otofluoresensi, ambayo sisi kliniki twaiita tu picha ya kijivu, ni jambo jingine. Mwanga unaorudi si ule ulioupeleka.

Waliokuwa ukumbini DJ akawasha zile taa za zambarau wanajua: leso na shuka nyeupe zilizofuliwa kwa sabuni ya unga huwaka ghafla, kana kwamba zina taa ndani. Taa imepiga kemikali ya sabuni, na kemikali imejibu kwa mwanga wake yenyewe. Nyuma ya jicho nako kuna kitu kinachojibu. Mashine yangu hupeleka leza ya buluu ya nanomita 488. Mbele ya kitambuzi kuna kichungi kinachozuia buluu ile yote na kupitisha tu mwanga wa zaidi ya nanomita 500, kuanzia kijani, manjano, chungwa hadi nyekundu. Kwa hiyo kinachofika kwenye skrini hakikutoka kwangu. Jicho ndilo lililokitoa.

Kinachojibu huitwa lipofusini. Seli za retina zinazopokea mwanga huchakaa ncha zake kila siku, na vipande vinavyodondoka huliwa na tabaka moja jembamba la seli lililo nyuma yake. Tabaka hilo ndilo jiko la retina. Husafisha, hulisha, hurudisha vitamini A ikatumike tena. Ila haliwezi kumeng'enya kila kitu, na kwa mtu mzima seli zake hazizai nyingine mpya, ndizo hizo hizo miaka nenda miaka rudi. Mabaki hujilimbikiza humo. Nyanyangu kule Jomvu alikuwa na jiko la kuni, ukuta wake wa nyuma mweusi kwa masizi, na ukipitisha kidole ungeweza kukisia chakula cha miaka mingapi kimepikwa pale. Lipofusini ni masizi ya namna hiyo, ila haya huwaka yakipigwa na buluu.

Basi kuisoma picha ya kijivu ni kuyasoma masizi. Retina yenye afya hutoa kijivu kilichotandaa laini, kama jivu la mkaa lililochekechwa. Mishipa ya damu huonekana kama mizizi ya mkoko, myeusi, kwa sababu damu hufyonza mwanga. Pale unapotokea mshipa wa fahamu pana duara jeusi, maana hapo tabaka la jiko halipo. Na katikati kabisa, pale tunapotumia kusoma na kutunga uzi kwenye sindano, pana giza jepesi. Giza hilo huwashtua wanafunzi wanaokuja kujifunza kwangu. Nawaambia watulie: ni rangi ya manjano, luteini na zeaksanthini, tunayoipata kwenye mchicha, sukuma wiki na kiini cha yai, nayo hummeza buluu kabla hajafika nyuma.

Kinachonihangaisha ni kile kilichotoka nje ya ramani hiyo. Panapong'aa kupita kiasi, ama masizi yamezidi, ama seli zilizo mbele zimepungua na kuacha ukuta wazi. Panapokuwa peusi tititi, ukuta wenyewe umeanguka. Seli za jiko zimekufa, na hatuna dawa ya kuzirudisha.

Ujuzi huu si wa kale. Mwaka 1995 François Delori na wenzake kule Boston walipima mwanga huu kwenye macho ya watu hai na kuonyesha kwamba unalingana na lipofusini. Mwaka huo huo Andrea von Rückmann, Fitzke na Bird, London, wakachapisha namna unavyotandaa kwenye retina, wakitumia mashine ya leza. Baadaye, mwaka 2003, Richard Spaide wa New York akaonyesha kwamba hata kamera ya kawaida ya retina ikivishwa vichungi vinavyofaa yaweza kuipata picha hii, ila kwa mwanga ulio mbali na buluu. Namshukuru huyo wa mwisho kila wiki, kwa sababu ya wazee wetu. Lenzi ya jicho la mzee wa miaka 70 aliyeshinda baharini maisha yake yote huwa imeingia umanjano, na mtoto wa jicho humzuia buluu mlangoni. Picha hutoka nyeusi na yenye mchanga. Ukitumia mwanga wa kijani hupita vizuri zaidi. Na mzee huyo huyo akishafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, picha yake ya buluu hung'aa hadi unadhani umebadilisha mgonjwa.

Nikamtilia bi matone ya kupanua mboni, nikamweka kwenye benchi la nje. Huchukua kama dakika 20 au 25. Nilikwenda kukaa naye kidogo. Akanieleza kwamba kofia nzuri huchukua miezi, na kwamba zamani alikuwa akishona baada ya Isha kwa taa ya chemli na hakuwahi kukosa kitundu. Sasa binti yake humtungia uzi. Alilisema hilo la uzi kwa sauti ya chini kuliko mengine yote.

Mwanga unaorudi kwenye picha hii ni hafifu mno, hafifu mara nyingi kuliko ule wa picha za kuchomwa sindano ya rangi. Ndiyo maana haipigwi moja ikatosha. Mashine hupiga nyingi mfululizo, programu huzipanga moja juu ya nyingine na kutoa wastani, na chembechembe hupotea. Mgonjwa akipepesa, umepoteza. Jicho likiwa kavu kwa kiyoyozi, pazia la machozi hukatika na picha hupata mabaka. Kwa hiyo mimi huongea muda wote: "Pepesa, pepesa, pepesa. Haya fungua. Tizama nukta. Usinihamie." Kwanza nalenga kwa mwanga wa infraredi ambao mgonjwa hauoni sana, kisha nabadilisha. Hapo wengi huruka kitini, maana buluu yenyewe ni kali. Siku hizi huwatahadharisha: "Sasa hivi itakuja buluu kama bahari ya Nyali saa sita. Haina maumivu." Halafu nasubiri kama nusu dakika kabla ya kubonyeza, kwa sababu rangi zilizo ndani ya seli za kuonea huhitaji kufifia kwanza, na picha hupata nguvu mbele ya macho yako, polepole, kama karatasi ya picha kwenye beseni la dawa ya kuoshea picha.

Hapa nina jambo la kukiri. Mwaka wangu wa pili alikuja baba mmoja kutoka Msambweni, orodha ilikuwa ndefu, akachomwa sindano ya fluoresini kwanza. Nikampiga picha zake zote za mishipa, kisha nikaona kwenye fomu daktari ameomba pia picha ya kijivu. Nikawasha buluu. Skrini nzima ikawa nyeupe. Fluoresini ni rangi inayowaka kwa buluu hiyo hiyo, na ikishaingia mwilini mwanga wa jicho lenyewe haufui dafu. Ngozi ya baba yule ilikuwa imegeuka manjano, amechoka, mboni zimepanuka, na ilibidi nimwambie arudi baada ya siku mbili. Matatu, feri ya Likoni, kijana wa kumshika mkono, nauli zote mara mbili. Alinijibu, "Haidhuru, mwanangu," na maneno hayo yalinichoma zaidi ya kama angenigombeza. Tangu siku ile ubavuni mwa mashine nimebandika karatasi kwa mkono wangu: PICHA KWANZA, SINDANO BAADAYE.

Bi akaingia, akaweka kidevu, paji la uso kwenye mkanda. Jicho la kulia. Infraredi, nikalenga, nikambadilishia. "Pepesa, pepesa, fungua."

Picha ya rangi niliyompiga dakika tano kabla ilikuwa safi kwa jicho langu. Ubaoni alisoma hadi mstari wa 6/9, karibu sawa na mwenye macho mazima. Mtu wa haraka angemwandikia miwani ya kusomea akamruhusu aende. Lakini kwenye picha ya kijivu, kulizunguka lile giza la katikati, palianza kujitokeza duara. Jepesi mwanzo, kisha programu ilivyozidi kupanga picha likawa wazi: mkanda unaong'aa, kama ukingo wa sahani. Upande wa chini na wa nje haukuwa umekamilika. Pale palikuwa na vidoa vyeusi, vidogo, vimepangana kwa karibu. Nikahesabu saba. Nikahamia jicho la kushoto. Duara lile lile, vidoa mahali pale pale, kama aliyepiga chapa upande wa pili.

"Vipi, mwanangu? Mazuri?"

Hili ndilo zito kuliko yote katika kazi yangu. Kwenye harusi nilikuwa nageuza kamera na kumwonyesha bi harusi papo hapo. Hapa siruhusiwi, na wala sitaki kuruhusiwa, kwa sababu picha peke yake si hukumu. "Daktari atakueleza yote, mamangu," nikamwambia. "Umetulia vizuri sana. Sijapata kutuliziwa hivi." Hilo la kutulia lilikuwa kweli.

Dawa ya pakiti ya tatu ni hidroksiklorokwini. Alipewa kwa ajili ya baridi yabisi miaka 11 iliyopita, vidonge viwili vya miligramu 200 kila siku. Tukampima uzito: kilo 49. Akademia ya Madaktari wa Macho ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, yasema dozi isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito halisi wa mtu, kwa siku. Kwa kilo 49 hiyo ni miligramu 245. Yeye amekuwa akimeza 400, zaidi ya 8 kwa kilo, miaka 11. Mwongozo huo huo wasema anayeanza dawa apimwe macho ndani ya mwaka wa kwanza, na baada ya miaka 5 apimwe kila mwaka, mapema zaidi ikiwa dozi ni kubwa au figo zina matatizo. Bi hakuwahi kupimwa hata mara moja. Aliandikiwa mahali fulani, akapewa, na tangu hapo amekuwa akipeleka pakiti tupu dukani na kurudi na iliyojaa. Mahali hapo sitapataja. Nimekasirika na hasira hiyo bado ninayo, maana kwenye mlolongo ule wote wa miaka 11, mikono yote iliyoishika pakiti ile, hakuna mmoja aliyemwambia: nenda kapigwe picha.

Wazee wa pwani wanaikumbuka vizuri ndugu ya dawa hii, klorokwini, iliyokuwa ikiwawasha mwili mzima usiku kucha. Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998. Kwa hiyo nikimwambia mtu kwamba dawa ya jamii ile yaweza kugusa macho, hunijibu, "Mbona tulimeza sote utotoni?" Tulimeza siku tatu, homa ikapoa, basi. Kumeza kila siku kwa miaka ni hesabu nyingine. Na hata hivyo nisiwatishe bure. Ni dawa nzuri sana. Imewarudishia watu wenye lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, na wenye baridi yabisi mikono yao na figo zao. Kwa dozi inayofaa, mwongozo ule waweka hatari chini ya asilimia 1 katika miaka 5 ya mwanzo na chini ya asilimia 2 hadi miaka 10. Baada ya miaka 20 ndipo hupanda hadi karibu asilimia 20. Tafadhali asiwepo atakayesoma hapa akaitupa dawa yake leo usiku. Zungumza na daktari aliyekuandikia, umwambie uzito wako na miaka uliyotumia.

Daktari wetu alimfanyia bi skani ya OCT, ile inayoonyesha matabaka ya retina, na kipimo cha uwanda wa kuona, vyote vikakubaliana na duara. Akampigia simu daktari wa viungo, dawa ikasimamishwa na kubadilishwa. Bi aliuliza swali moja tu, kama vile vitundu vitarudi. Aliambiwa ukweli: vilivyokwisha kuharibika havirudi, na uharibifu waweza kuendelea kidogo hata baada ya dawa kuachwa, ila kwa kuwa kitovu bado kizima, kuna mengi ya kulindwa. Nikampa miwani myeusi ya plastiki, ile tunayompa kila aliyetiwa matone, kwa sababu jua la Moi Avenue saa saba ukiwa na mboni wazi ni adhabu. Binti yake alimpitishia tuktuk hadi mlangoni.

Nilibaki na yale mafaili mawili kwenye skrini. Ninachokililia ni kukosekana kwa faili la kulinganisha nalo. Laiti angepigwa picha mwaka ule wa kwanza, kisha wa tano, wa sita, tungeona siku duara lilipoanza kuwaka, kabla ya kidoa hata kimoja. Kung'aa huja mbele, weusi hufuata. Kati ya hapo ndipo mtu huokolewa, na kati ya hapo mgonjwa mwenyewe mara nyingi haoni tatizo lolote, anatunga uzi kama kawaida. Na ukilinganisha picha za miaka miwili, hakikisha zimepigwa kwa mipangilio ile ile. Mashine nyingi hujiongezea mwangaza zenyewe ili picha ipendeze, na picha iliyopendezeshwa haiwezi kukwambia kama masizi yameongezeka au la. Mimi huandika mipangilio yote kwenye daftari, kwa wino, pamoja na kama jicho lilikuwa kavu.

Bi alirudi mwezi wa sita, wakati wa kusi, mvua imepiga na chumba kinanuka unyevu. Nilikuwa nafuta lenzi. Hapa kwetu kuvu humea kwenye vioo usipovihifadhi pakavu. Vidoa vilikuwa vile vile saba upande wa kulia. Kushoto nilihesabu vinane, nikahesabu tena, vinane. Nikaviandika.

Hakuja peke yake. Nyuma yake alisimama msichana wa ghorofa ya chini nyumbani kwake, aliyeambiwa ana lupasi na kuanzishwa hidroksiklorokwini mwezi uliotangulia. Hakuwa na lalamiko lolote la macho. Alinisalimu, kisha akaniuliza kwa haya kama ni lazima, maana yeye aona vizuri kabisa.

"Kaa, mwanangu," bi akamjibu kabla yangu, akamvutia kiti. "Weka kidevu hapo. Atakwambia upepese, upepese. Kisha itakuja buluu."

Kijivu laini, hakina alama, mishipa imetawanyika vizuri, giza la katikati mahali pake. Nililihifadhi faili kwa jina lake, tarehe, kilo 57, miligramu 200, mwezi wa kwanza.